Haki ya Mfungwa Haizeeki

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mbora wa wanaohukumu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu tumeulizwa suala moja, nasi tumeona jawabu lake lisibaki kwa wachache waliokuwapo, bali liandikwe ili liwafikie wote. Suala lenyewe ni hili: wako wafungwa, na wengine waliokwisha kutoka kifungoni, ambao huenda mahakamani kuomba ruhusa ya kushitaki kwa mateso waliyoteswa miaka mingi iliyopita. Je, sheria ya dini yasemaje juu ya watu hawa? Na sisi watu wa pwani yatuhusu nini hali ya mfungwa wa Migori au wa Homa Bay, kule ziwani, ambaye si wa kabila letu, na pengine si wa dini yetu, na ambaye kama hakuiba asingefungwa?

Muulizaji alimaliza suala lake kwa mithali tuijuayo sote, yakuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nasi twasema: mithali hii ni njema kwa watu wawili waliogombana wakapatana. Lakini mwenye kudhulumu hana haki ya kumsomea aliyemdhulumu. Kidonda kisichooshwa hakiwi kimepita, kimefunikwa tu.

Kwanza na tueleze jambo lenyewe lilivyo, kwani kuhukumu bila ya kujua ni katika mambo tuliyokatazwa.

Migori na Homa Bay zamani zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza. Leo ni kaunti mbili, na kila mmoja wa miji hii miwili una gereza, na una Mahakama Kuu. Tuseme kwamba mfungwa mmoja katika mojawapo ya magereza hayo alipigwa hata akavunjika mkono. Sheria ya Kenya yasema yakuwa mwenye kutaka kuishitaki Serikali kwa kuumizwa, basi afungue mashitaka yake kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku alipoumizwa. Lau angeumizwa na mtu wa barabarani angekuwa na miaka 3. Bali kwa kuwa aliyemuumiza ni mtumishi wa Serikali, muda wake ni miezi 12 tu.

Sasa tazameni. Katika miezi hiyo 12 mfungwa yu wapi? Yu mikononi mwa wale wale aliotaka kuwashitaki. Akitaka karatasi, atawaomba wao. Akitaka kuonana na daktari, watampeleka wao, na daftari la daktari litakaa katika kabati lao. Akiandika barua, itapita machoni mwao. Mashahidi wake ni wafungwa wenziwe, nao pia wanalala chini ya funguo hizo hizo. Hata siku atakapotoka akavuta pumzi akapata mtu wa kumwandikia, miezi 12 imekwisha kupita zamani. Ndipo inapombidi, kabla ya kushitaki, kuomba kwanza ruhusa ya kushitaki. Sheria imeacha mlango mwembamba: jaji aweza kumruhusu mtu aliyeumizwa mwili ashitaki baada ya muda kwisha, akiweza kuonyesha yakuwa mambo makubwa ya kisa chake hakuyajua wakati ule. Na Katiba ya mwaka 2010 imefungua mlango mwingine ulio mpana zaidi, kwani imesema kwamba haki ya mtu kutoteswa haipunguzwi kwa hali yoyote, na kwamba aliyefungwa hubaki na haki zake zote ila zile zisizoweza kukutana na kifungo. Wako majaji waliosema kwamba haki kama hizi hazifi kwa kupita miaka. Na wako waliowarudisha watu kwa kuwa wamekawia mno, wala hawakueleza sababu ya kukawia.

Basi hayo ndiyo mambo yenyewe. Ama hukumu ya dini, tutaitazama kwa njia tatu.

Ya kwanza: je, dhulma huzeeka? Wanavyuoni wetu wametufundisha yakuwa madhambi ni namna mbili: yaliyo baina ya mja na Mola wake, na yaliyo baina ya mja na mja mwenziwe. Ya kwanza hufutwa kwa toba ya kweli. Ya pili hayafutwi mpaka mwenye haki arudishiwe haki yake, au asamehe kwa ridhaa ya moyo wake. Mtume (S.A.W.) amewaeleza sahaba zake khabari za muflisi wa siku ya Kiyama, anayekuja na sala na saumu na zaka, lakini alimpiga huyu, akamtukana yule, akala mali ya huyu, basi mema yake yatagawiwa wale aliowadhulumu, na yakimalizika atatwikwa madhambi yao. Kule hapana miezi 12 wala miaka 3. Muda huu wamewekeana wanaadamu ili kesi ziwe na mwisho na ushahidi usipotee, nasi hatusemi kwamba hauna faida. Lakini muda ni wa kuongoza mashitaka. Hauhalalishi lililokuwa haramu. Askari aliyempiga mfungwa akakaa kimya hata muda ukapita asidhani yakuwa amesalimika.

Ya pili: je, mfungwa ana haki, hali ya kuwa ni mkosa? Jawabu ni kwamba adhabu ya mfungwa ni ile iliyotamkwa na hakimu, hapana nyingine. Hakimu akisema miaka 3, basi ni miaka 3 ya kuzuiliwa. Hakusema kuvunjwa mkono, wala kunyimwa chakula, wala kulazwa katika maji. Kila kilichozidi juu ya hukumu hiyo ni dhulma, na aliyekizidisha amejifanya kadhi bila ya kuwekwa. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Insan, amewasifu waja wake wanaompa chakula mateka, nao wenyewe wanakitamani, na huku mateka wa zama zile alikuwa adui wa vita. Na Umar bin Abdulaziz, alipokuwa Khalifa, aliwaandikia magavana wake wasiwafunge wafungwa minyororo itakayowazuia kusimama kwa sala. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya adui, basi yawaje hali ya raia aliyeiba kuku?

Ya tatu, nayo ndiyo iliyomtatiza muulizaji wetu: je, yatuhusu, ikiwa mwenyewe si Mwislamu? Na asikilize kisa kilichomo katika Sahihi ya Imamu Muslim. Sahaba mmoja, Hisham bin Hakim (R.A.), alikuwa nchi ya Sham, akapita mahali akawaona wakulima wa nchi ile wamesimamishwa juani, na mafuta yamemiminwa vichwani mwao. Akauliza, wana nini hawa? Akaambiwa kwamba wanaadhibiwa kwa kodi wanayodaiwa. Watu wale hawakuwa Waarabu, na kodi iliyotajwa katika baadhi ya riwaya ni jizya, ambayo hatozwi Mwislamu. Hisham hakuuliza kabila lao. Hakusema, kama wangelipa yasingewapata. Alishuhudia papo hapo yakuwa amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba Mwenyezi Mungu atawaadhibu wale wanaowaadhibu watu hapa duniani. Kisha hakutosheka na kusema njiani; aliingia kwa gavana, akamweleza hadithi ile, na gavana akaamrisha wale watu wakaachiwa.

Enyi ndugu, kisa hiki kina kila tulichoulizwa. Wateswa si Waislamu. Watesaji ni watumishi wa Dola ya Kiislamu. Na Mwislamu aliyepita njia hakupita tu.

Basi kama ni hivyo, na tuzitazame nchi zetu wenyewe. Sisi watu wa pwani tunaijua Hola, iliyo juu ya mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa wa Mau Mau waliokataa kufanya kazi walipigwa marungu hata watu 11 wakafa. Serikali ya Kiingereza kwanza ilitangaza kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Maji! Hata ilipofanywa tafutishi ndipo ikadhihiri yakuwa wameuawa kwa kipigo.

Miaka 50 baadaye, mwaka 2009, wazee watano waliokuwa katika kambi za wakati ule walikwenda mpaka Mahakama Kuu ya London kuishitaki Serikali ya Uingereza. Mmoja wao alieleza kwamba alipigwa pale Hola hata akazimia, akalazwa pamoja na maiti. Serikali ile ilijitetea mara mbili. Kwanza ikasema dhima yote iliihamia Serikali ya Kenya siku ya Uhuru. Jaji akalikataa hilo mwaka 2011. Kisha ikasema muda umepita. Tarehe 5 Oktoba 2012 jaji akatamka kwamba kesi iendelee, kwani maandishi ya wakati ule yamehifadhiwa kwa wingi, na hukumu ya haki yaweza kupatikana. Hata siku ile inafika, si wote watano waliokuwa wangali hai. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ikasimama katika Bunge lake ikakiri mateso yale, ikaonyesha majuto, na ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Lakini tusikimbilie kufurahi. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao nyuma ya hao, na mwaka 2018 ikaanguka mahakamani, kwa kuwa muda umekuwa mrefu, mashahidi wamekufa, na ushahidi hautoshi. Jamii moja ya madhila, nchi moja, zama moja. Wachache wakafunguliwa mlango na wengi wakafungiwa. Tofauti kubwa baina yao ilikuwa nini? Ilikuwa ni maandishi na mashahidi. Wahenga hawakukosea waliposema yakuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na dhulma pia ni mali ya aliyedhulumiwa; ni deni analodai.

Wala msidhani kwamba mambo haya yaliondoka na Waingereza. Wenye kuteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, waliteswa na Serikali ya wananchi, na wengi wao hawakuthubutu kushitaki mpaka utawala ule ulipoondoka. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikaanza kuwapa fidia. Na sisi Waislamu tumeonja pia. Mwaka 2007 watu walikamatwa Kenya wakapelekwa Somalia na Ethiopia bila ya hukumu ya hakimu yeyote. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ikahukumu kwamba walidhulumiwa, wakapewa fidia. Tulifurahi sana siku ile. Basi twawezaje kuifurahia haki ilipotujia sisi, na kuifanyia uvivu inapombishia mlango Mjaluo?

Na Homa Bay yenyewe si mbali nasi kama tunavyodhani. Albert Ojwang alikuwa mwalimu wa umri wa miaka 31, akisomesha Taita-Taveta, jirani zetu. Tarehe 7 Juni 2025 alikamatwa nyumbani kwa wazee wake huko Homa Bay, kwa maandishi yaliyosemwa kuwa yamemvunjia heshima mkubwa mmoja wa polisi. Akachukuliwa mpaka Nairobi, akatiwa rumande, na siku ya pili yake akawa maiti. Polisi kwanza walisema kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walipoupasua mwili walikuta majeraha ya kichwa, na dalili za kubanwa shingo, na maumivu mengi mwilini ambayo mtu hajitii mwenyewe. Askari kadhaa walishitakiwa kwa mauaji, na kuwahukumu ni kazi ya mahakama, si yetu. Sisi twasema neno moja tu: mwaka 1959 ilisemwa maji, na mwaka 2025 ikasemwa ukuta. Miaka 66 imepita, na neno la kwanza kutoka katika chumba kilichofungwa lingali ni uwongo.

Marehemu yule uwongo uliomhusu ulifichuka upesi, kwa sababu watu walipiga kelele siku ile ile. Ama yule aliyebaki hai, akatoka na sikio lisilosikia au mkono usionyooka, kelele zake nani atazipiga?

Hapa, ndugu zetu, hatuna budi kusema juu ya nafsi zetu, kwani Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa tuusimamie uadilifu hata kama ni juu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya sala ya Ijumaa, na mwanawe ametoka rumande hawezi kusimama sawasawa. Alituuliza afanye nini. Tulimwambia asubiri. Tulimsomea fadhila za subira, tukamwombea dua, tukamchangia kidogo cha dawa, tukaona tumetimiza wajibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia ampeleke mwanawe hospitali akaandikiwe cheti, wala aliyechukua kalamu akaandika siku, na saa, na majina ya waliokuwapo. Alipopata mwanasheria wa kumsikiliza, mwaka ulikuwa umepita na miezi juu yake. Mlango ule tuliufunga sisi, tena kwa kitu kizuri, kwa jina la subira. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na mama yule tulikwenda kumtaka radhi. Alituambia kwamba yeye ametusamehe, lakini mwanawe tumuulize mwenyewe.

Subira, ndugu zetu, si kunyamaza. Nani aliyesubiri gerezani kuliko Nabii Yusuf (A.S.)? Alifungwa bila ya kosa, akasahauliwa humo miaka. Hata mjumbe wa mfalme alipomjia kumtoa, hakutoka! Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake, aulizwe kwanza khabari za wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka yaliyopita yafunguliwe, na haki yake idhihirike mbele ya watu, kabla ya kuvuka kizingiti. Na Mtume wetu (S.A.W.) ameustaajabia msimamo ule wa Yusuf akausifu. Basi mfungwa anayeomba leo kwamba kesi yake ya zamani isikilizwe hakufanya ukaidi. Amefuata nyayo za Nabii, ajue asijue.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo haya.

Kwanza, tuache desturi ya kukimbilia kwa mganga. Kuna watu wakifungiwa mtoto wao hutoa mbuzi na mapesa kwa mtu wa kupiga bao, na kuandikiwa hirizi ya kumfunga ulimi askari, na huku hawajatoa hata nauli ya kwenda kumtazama huyo mtoto. Pesa zile zingetosha kulipa cheti cha daktari. Huo ni ushirikina, tena ni hasara.

Pili, tuandike. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike deni, dogo na kubwa, na tuweke mashahidi. Basi mwenye kutoka kifungoni naye ameumizwa, siku ile ile aende hospitali, na aandikiwe. Na jamaa zake waandike walivyomkuta, watie sahihi. Na mlalamiko upelekwe kabla ya miezi 12 kwisha.

Tatu, aliyeona asifiche ushahidi. Mficha uchi hazai, na mficha ushahidi Qur'ani imesema juu yake kwamba moyo wake umeingia dhambi. Na ndugu zetu mlio askari wa polisi na wa magereza, nanyi mmo humu: amri ya mkubwa haitakuwa hoja mbele ya Mola wenu, kwani hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Nne, mwenye kushitaki aseme kweli tupu. Asizidishe kipigo kimoja kikawa kumi, kwani naye atakuwa amedhulumu, na mwongo mmoja huwafungia mlango wakweli mia.

Tano, kusamehe ni jambo kubwa lenye thawabu, lakini ni la mwenye haki. Sisi wapita njia hatuna cha kumsamehe mtesaji kwa niaba ya mwenye kidonda. Na hawezi kusema amesamehe yule ambaye hajapewa nafasi ya kudai.

Ama muulizaji wetu, jawabu lake ni hili. Kendu Bay, katika Homa Bay hiyo hiyo, wako Waislamu na misikiti yao, lakini hata kama asingalikuwako huko Mwislamu hata mmoja, dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu, na Mtume (S.A.W.) hakuivua dua ya asiyekuwa Mwislamu. Mfungwa yule wa Migori anapoinua mkono wake uliovunjika usiku, akashitaki, mashitaka yake husikilizwa pasipo kuomba ruhusa. Jaji wa duniani akimruhusu, amefanya kheri. Na sisi tukimsaidia kufika kwa jaji huyo, tutakuwa tumejiepusha kutajwa katika mashitaka yale mengine.

Ewe Mola wetu, tuepushe kudhulumu na kudhulumiwa, na kumnyamazia mwenye kudhulumu. Wafariji waliofungwa, wafungulie waliofungwa bila ya haki, na wape mahakimu wetu nyoyo zinazokuogopa. Amin.

Wabillahi tawfiq.